NJORO HADI SONORA: SAFARI YA KUSAKA NGANO ISIYOOGOPA JOTO

Jumapili kama ya leo nyumba nyingi za Nairobi, Mombasa na Kisumu huwa na harufu moja jikoni. Ni harufu ya chapati. Mama anasukuma, dada anageuza, watoto wanahesabu zilizokwisha kuiva, naye baba anajifanya anasoma gazeti kumbe pua yake iko kwenye kikaango. Ni wachache wanaouliza unga huo umetoka wapi. Wengi wetu tukiulizwa tutajibu kwa neno moja: dukani.

Leo nakualika tufunge safari tuufuate unga huo hadi kwenye mbegu yake. Tutaanzia karibu, mjini Njoro, kisha tuvuke bahari hadi jimbo la Sonora, kaskazini-magharibi mwa Mexico, ambako kuna watu wanaopanda ngano makusudi ili ichomwe na jua. Usishangae. Mahali hapa pawili ni kama shule mbili za mwanafunzi mmoja, na matokeo ya mitihani yake yanaihusu sahani yako ya chapati.

Beba sweta

Kutoka Nairobi panda gari la Nakuru, mwendo wa kilomita 160 hivi. Utapita ukingo wa Bonde la Ufa, Naivasha na Gilgil, na ukifika Nakuru utabadilisha gari upande la Njoro. Zimebaki kilomita zipatazo 20 tu, lakini barabara inapanda na baridi nayo inapanda. Njoro iko karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu kutoka upande wa Mau huteremka hadi mashambani, na mtu aliyetoka Mombasa na shati jepesi hujuta.

Wanafunzi wanapajua Njoro kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Lakini ngano ilitangulia. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipanda ngano katika eneo hili. Ilimea vizuri, ikatoa masuke, kisha ikavamiwa na kutu. Kutu ya ngano ni ugonjwa wa kuvu unaopaka majani na mabua vumbi la rangi ya chuma kilichooza, na unaweza kumaliza shamba zima. Tangu siku hizo kazi ya kutafuta mbegu bora za ngano imeendelea hapa. Kituo cha kuzalisha mbegu kilianzishwa mwaka 1927, na leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Ukisoma majina ya mbegu zilizotoka Njoro utadhani umeingia mbuga ya wanyama. Kuna Mbuni, Kwale, Chiriku, Tai na Korongo. Katika miaka ya 1990 zilitolewa mbegu mbili kwa ajili ya sehemu kame, nazo zikaitwa Duma na Ngamia. Majina hayo yenyewe yanakueleza nia ya waliozitafuta: mbegu ikimbie mbio ikomae kabla ya kiangazi, au ivumilie kiu kama mnyama wa jangwani.

Kwa nini ngano yetu imekaa Njoro, Molo, Mau Narok, Narok, Uasin Gishu na Timau? Ni kwa sababu ngano ni mtoto wa baridi. Huipandi Garissa ukatarajia mavuno ya Molo. Sasa hapo ndipo wasiwasi unapoanza. Dunia ikizidi kupata joto, mkulima anaweza kusema atapanda juu zaidi, lakini mlima una mwisho wake. Ukiendelea kupanda kutoka Njoro utafika msitu wa Mau, chanzo cha mito mingi ikiwemo Mara na Sondu. Tukiukata ili tupande ngano, tutakosa vyote viwili, maji na unga.

Na hali yetu ya unga tayari si nzuri. Mashamba ya Kenya hayatoi hata robo ya ngano tunayokula. Iliyobaki hununuliwa ng'ambo, na ndiyo maana mwaka 2022 Urusi na Ukraine zilipoingia vitani, bei ya mkate ilipanda hata kwenye kioski cha mtaani kwako. Vita huweza kukoma, lakini joto halina wa kupatana naye. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoongezeka duniani itapunguza mavuno ya ngano ya dunia kwa asilimia 6 hivi.

Joto huiua ngano vipi?

Mtu anaweza kudhani joto huua ngano kwa kuikausha. Huo ni ukame, na ni adui mwingine. Ngano inaweza kuwa na maji tele miguuni na bado ikashindwa na joto. Hebu tuone linavyofanya.

Kwanza, joto huiharakisha. Mmea hukua mbio, hutoa suke mapema na kukomaa kabla punje hazijajaa. Ni kama mtoto aliyeruka madarasa matatu, akamaliza shule bila kujifunza kitu.

Pili, joto huharibu chavua, yaani unga wa kiume wa ua. Siku chache kabla ya ngano kuchanua, chavua ndiyo inaumbika ndani ya suke lililojificha kwenye bua. Joto likipita nyuzi 30 wakati huo, chavua hudhoofika, na suke litakalotokea litakuwa na nafasi tupu. Kwa macho utaona suke zuri kumbe ni ganda.

Tatu, joto huchosha jani. Ndani ya jani kuna kimeng'enya kinachonasa hewa ya kaboni ili mmea utengeneze sukari, na kina msaidizi wake anayekiamsha kila kinapokwama. Msaidizi huyo ni dhaifu mbele ya joto. Akizirai, kiwanda chote hupunguza kazi hata kama jua linawaka na maji yapo.

Nne, vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa wanga ndani ya punje huregea joto likizidi. Punje hubaki nyembamba, imekunjamana, na mwenye kinu hupata makapi mengi kuliko unga.

Kwa hiyo mtu akikuambia amepata jeni ya kuzuia joto katika ngano, muulize: joto lipi kati ya hayo manne? Huwezi kuliweka lote katika jeni moja. Ni jeni nyingi, kila moja ikisaidia kidogo, kama watu wa harambee. Na ili uzitambue ni lazima uipeleke ngano mahali pa joto kweli, uiangalie inavyoteseka.

Njoro haina joto la namna hiyo. Basi tuondoke.

Jangwa lenye mifereji

Funga safari sasa hadi mji wa Ciudad Obregón, katika bonde la mto Yaqui, jimboni Sonora. Bonde hilo limepata jina lake kutoka kwa Wayaqui, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Hapa hakuna ukungu. Pembeni kuna vilima vikavu vyenye madungusi kakati marefu kuliko mtu, na upande mwingine ni Ghuba ya California. Katikati yake kuna mashamba tambarare yaliyogawanywa kwa mistari iliyonyooka kama karatasi ya hisabati, na mifereji inayoleta maji ya mto kutoka kwenye mabwawa. Uko mita chache tu juu ya usawa wa bahari. Ngano hupandwa Novemba na Desemba, wakati wa baridi yao, na kuvunwa Aprili na Mei kabla jua kali la kiangazi halijashuka.

Usijione mgeni sana. Sonora inasifika kote Mexico kwa mikate yake ya unga wa ngano, mipana na myembamba, inayopikwa juu ya bamba la moto bila hamira. Wao huiita tortilla. Mswahili akiiona atauliza mchuzi uko wapi.

Tena kuna undugu mkubwa kuliko huo. Katika miaka ya 1940 kijana mmoja wa Marekani, Norman Borlaug, alikuja kufanya kazi Mexico kupambana na kutu ya ngano. Alikusanya mbegu kutoka nchi nyingi, na miongoni mwa zilizomfaa zilikuwa za Kenya, maana ngano yetu ilikuwa imekwisha kupigana na kutu kwa miaka mingi. Moja ya mbegu zilizotolewa Mexico mwaka 1948 iliitwa Kentana. Litazame jina hilo vizuri: mzazi mmoja ni ngano ya Kenya, mwingine ni Mentana, ngano ya Italia. Borlaug alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Leo barabara ielekayo kwenye kituo cha utafiti cha Obregón inaitwa kwa jina lake.

Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, ndio wanaofanya hapa ule mtihani wa joto. Namna yake ni rahisi kueleza. Mbegu zile zile hupandwa mara mbili. Kundi la kwanza hupandwa kwa wakati wake, Novemba au Desemba. La pili huchelewa makusudi hadi Februari au Machi, ili lichanue wakati joto limepita nyuzi 35. Makundi yote hupewa maji ya kutosha, ili ikionekana tofauti ijulikane kuwa imeletwa na joto na wala si kiu.

Ukipita kati ya mashamba hayo mawili utahuzunika. Upande mmoja ngano imefika kiunoni, imejaa, inayumba. Upande wa pili ni fupi, imekomaa haraka, na mavuno yake huweza kupungua kwa nusu na zaidi. Lakini tazama kwa makini ndani ya hilo shamba la mateso. Hapa mstari umekauka na pale pembeni yake mstari mwingine bado una majani ya kijani. Huo wa kijani ndio watu wamekuja kuutafuta.

Watafiti huelekeza kwenye majani kipimajoto kinachosoma bila kugusa, mfano wa vile tulivyoelekezewa kwenye paji la uso siku za korona. Ngano yenye homa huonekana. Ngano ambayo majani yake yako baridi kuliko ya jirani, kwa kawaida ina mizizi iliyoshuka chini, inavuta maji na kuyatoa kama jasho. Na mmea unaotoa jasho hupoa, kama wewe.

Nyasi tatu katika punje moja

Baada ya kuona mmea uliovumilia, swali linalofuata ni: umerithi nini, na kwa nani? Wanafunzi mnaosoma biolojia, hapa mtege sikio.

Binadamu ana kromosomu 46 na jeni zipatazo 20,000. Ngano ya mkate ina kromosomu 42, lakini ndani yake mna jeni zaidi ya 100,000, na urefu wa maandishi yake yote ya urithi ni kama mara 5 ya yale ya binadamu. Ilichukua muungano wa wanasayansi wa nchi nyingi hadi mwaka 2018 kuyasoma yote na kuyapanga.

Sababu ya wingi huo ni kwamba ngano ya mkate ni nyasi tatu zilizooana. Kwanza nyasi mbili za mwituni za Mashariki ya Kati zilichanganyika zikazaa ngano ya kale, ambayo watu waliianza kilimo. Kisha, yapata miaka 8,000 hadi 10,000 iliyopita, karibu na Bahari ya Kaspi, ngano hiyo ya shambani ilichanganyika na gugu lililoota kando yake. Wataalamu huliita gugu hilo Aegilops tauschii. Kila nyasi ilileta kromosomu 14, na tatu mara 14 ni 42.

Ndiyo maana ni vigumu kuisoma ngano. Jeni nyingi zimo mara tatu, moja kwa kila babu. Ukibadilisha moja, ndugu zake wawili huendelea na kazi kama kwamba hakuna lililotokea.

Hata hivyo, baadhi ya siri zimeanza kufunuka. Unamkumbuka yule msaidizi anayezirai ndani ya jani? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, na wenzao walionyesha kuwa ngano ina wasaidizi wa namna zaidi ya moja, na mmoja wao huvumilia joto kuliko mwingine. Protini ni kama ukuta wa matofali mamia. Walipobadilisha tofali moja tu katika yule dhaifu, aliweza kufanya kazi kwenye joto la nyuzi 5 hivi zaidi. Tofali moja!

Magugu tuliyoyasahau

Habari kubwa zaidi ilitoka Sonora yenyewe. Ule mchanganyiko na gugu la Kaspi ulitokea mara chache sana, pengine kwa mimea michache tu. Ina maana gugu lile lilikuwa na ukoo mkubwa uliosambaa kutoka nchi za Kaspi hadi Asia ya Kati, wengine wakiishi penye baridi, wengine penye jua kali, lakini ngano iliolea katika nyumba moja. Urithi wote wa majumba mengine ulibaki nje, kwenye magugu.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa CIMMYT wamekuwa wakiirudia harusi ile kwa mkono. Huchukua ngano ya tambi, iliyo na nyasi mbili za kwanza, na kuichanganya na magugu mbalimbali ya Aegilops tauschii, kisha watoto wake huchanganywa na ngano ya mkate. Hakuna jeni ya mnyama wala ya samaki inayoingizwa, kama ambavyo utasikia watu wakihofia. Ni ukoo ule ule unaokutanishwa tena.

Mwaka 2023 matokeo ya jaribio moja yalichapishwa. Aina 149 za ngano zilipandwa Sonora kwa miaka miwili, kwa wakati wake na kwa kuchelewa. Zile zilizobeba vipande fulani vya urithi kutoka kwa jamaa wa mwituni zilitoa, chini ya joto kali, hadi asilimia 50 zaidi ya zile zisizokuwa navyo. Kimojawapo cha vipande hivyo kilifuatiliwa hadi kwa gugu la Aegilops tauschii. Na mwaka usio na joto kali, mkulima hakupoteza kitu kwa kuwa nacho. Fikiria ni mara ngapi mkulima ameling'oa gugu na kulitupa bila kujua limebeba nini.

Ndiyo maana mbegu za magugu huwekwa benki, kwenye vyumba vya baridi, kama watu wanavyoweka dhahabu. Na kama dhahabu, huwa hatarini. Kituo cha ICARDA karibu na Aleppo, nchini Syria, kilikuwa na hazina kubwa ya ngano na jamaa zake. Vita vilipowafungia watafiti nje, mwaka 2015 ilibidi wakachukue nakala walizokuwa wamezihifadhi Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, wakazipanda upya Lebanon na Morocco. Wasingeweka akiba, pengine hiyo jeni ya kuvumilia joto ingetoweka kabla haijulikani.

Turudi nyumbani

Sasa tuseme mbegu imefaulu mtihani wa joto wa Sonora. Je, tuipeleke kwa mkulima wa Narok kesho? Hapana. Ni lazima kwanza ije Njoro.

Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu mpya ya shina la ngano, ikapewa jina Ug99. Ilivunja kinga ambayo ngano ya sehemu kubwa ya dunia ilikuwa ikiitegemea. Upepo ukaileta kwetu, na baridi na unyevu wa Njoro vikaifaa kabisa. Balaa hilo liligeuzwa kuwa darasa. Tangu mwaka 2005 maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro kila msimu na kuachiwa kutu makusudi. Mbegu iliyovumilia joto la Sonora ikafa kwa kutu Njoro haina faida kwa mtu, na hali kadhalika ile iliyoshinda kutu kisha ikazirai kwa jua.

Kutu yenyewe haichoki. Mbegu ya Kenya iitwayo Robin ilipendwa sana na wakulima kwa mavuno yake, lakini mwaka 2014 uzao mpya wa kutu ukaivunja kinga. Kwa kawaida hupita miaka kama 10 tangu mbegu kuchanganywa hadi kufika shambani. Ina maana mbegu itakayotulisha mwaka 2040 yafaa ianze kutafutwa sasa, na mtu wa kuitafuta huenda ni mwanafunzi anayesoma ukurasa huu akisubiri chapati iive.

Basi, msomaji, shule zikifungwa na mkipata nauli, wapelekeni watoto Njoro. Andikeni barua kituoni mapema kuomba ruhusa, maana mashamba ya majaribio hayaingiwi ovyo. Huko wataona vipande vidogo vya ngano, kila kimoja na kibandiko chake cha namba, vingine vimekuwa vyekundu kwa kutu na vingine vimesimama kijani. Waambieni wachague mstari mmoja wa kijani na wasome namba yake. Huenda babu yake mmoja ni gugu la Kaspi, mwingine alizaliwa Kenya akahamia Mexico, na sasa mjukuu amerudi nyumbani kufanya mtihani wa mwisho. Na msisahau sweta.